Shayiri Iliyolala Miaka Thelathini

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, na karatasi iliyobandikwa kifuani pake ilikuwa imekwisha kupauka kiasi cha kwamba tarakimu za mwaka 1987 zilisomeka kwa shida, hata mzee mwenyeji wangu akaisogeza karibu na taa, akaipangusa vumbi kwa kitambaa cha pamba, kisha akaisimamisha juu ya meza kwa uangalifu wa mtu achukuaye mayai. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Januari, mwaka 2017, katika mji wa Dorchester, kusini-magharibi mwa Uingereza, ndani ya nyumba isiyo mbali na mto Frome. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, na sisi watu watatu, mzee, mkewe na mimi, tulikuwa tumeizunguka chupa moja ambayo, lau ingalikuwa bia ya siku zote, mtu mmoja angaliimaliza kwa mafunda machache kabla chakula hakijaandaliwa.

"Tusiiharakishe," akasema yule mzee. "Imetungoja tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule. Na sisi tuingoje nusu saa."

Kinywaji hicho Waingereza hukiita mvinyo wa shayiri, na jina hilo huwapotosha wengi, kwani hakina hata tone moja la maji ya zabibu: ni bia, kwa asili na kwa upishi, iliyotokana na shayiri, maji, hamira, na maua machungu ya mmea utambaao uitwao hopsi. Kilichoipa jina la mvinyo ni nguvu yake. Bia tuzijuazo, zile ziuzwazo Nairobi na Dar es Salaam, aghalabu alkoholi yake ni asilimia 4 au 5, ilhali hii huanzia 8 ikafika 12, na ile iliyokuwa mezani petu ilikuwa takriban 12. Kwa hiyo chupa moja ya nguvu kama hiyo ina kileo cha chupa mbili na nusu za bia ya kawaida za ukubwa ule ule, na ndiyo sababu wajuzi wake huigawana katika bilauri ndogo, wala hawainywi kukata kiu. Natambua kwamba wengi katika wasomaji wangu dini yao imewaharamishia kileo, kikiwa kingi au kichache. Hao nawaomba waisome habari hii kwa jicho lile lile tutazamalo kazi ya seremala au ya mfua fedha, kwa kuwa nitakayoyaeleza ni kazi ya mikono na kazi ya wakati, nami niliyoistaajabia zaidi ni hiyo ya pili.

Atakaye kufahamu jinsi bia hii ipatikanavyo na aanzie jikoni, kwa mpishi wa pwani akamuaye nazi. Mpishi huyo akishaikuna nazi yake huitia maji kidogo, akaikamua, akapata kasimile, tui lile zito lijaalo mafuta na utamu, ambalo huliweka kando. Kisha machicha yale yale huyatia maji mara ya pili, akapata tui jepesi la kuchemshia. Mpika bia wa Kiingereza wa zamani alifanya vivyo hivyo kwa shayiri. Alianza kwa kuiloweka nafaka na kuiacha ichipuze, kisha akaikausha kwa moto ikawa kimea, kama wafanyavyo Wachaga kwa ulezi wanapotaka kupika mbege. Akakiparaza kimea hicho, akakichanganya na maji ya moto yasiyofikia kuchemka, na kwa muda wa saa moja au zaidi unga wa ndani ya nafaka ukageuka sukari. Maji ya kwanza yaliyochujwa humo yalikuwa togwa nzito, yenye kunata vidoleni, na hayo ndiyo kasimile ya shayiri. Machicha yakatiwa maji tena, na yaliyotoka mara ya pili yakapikwa bia hafifu, iliyonywewa na watumishi na hata watoto. Mvinyo wa shayiri ni bia ya kasimile peke yake, na mtu akishalifahamu neno hilo hatashangaa tena kwa nini ni ghali, wala kwa nini kiwanda hutumia shayiri nyingi kupata mapipa machache.

Togwa hiyo huchemshwa kwa muda mrefu, hata rangi yake ikaanza kuiva, na hopsi hutiwa kwa wingi, maana utamu wa namna ile usipopata uchungu wa kuukabili huchosha ulimi kwa funda la kwanza. Kisha huja zamu ya hamira. Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari, ikatoa alkoholi na hewa ile ifanyayo povu. Lakini katika togwa nzito kama hii hufanya kazi kwa mashaka, kwa sababu sukari huilemea mwanzoni na alkoholi huidhoofisha mwishoni, hata ikafika mahali ikalala kabla haijamaliza kazi. Inasimuliwa kwamba zamani wapika bia waliyaviringisha mapipa uani ili kuiamsha. Sukari ambayo hamira haikuweza kuila hubaki humo ndani, nayo ndiyo akiba ambayo miaka itakuja kuichukua.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote, nami ningependa tusipite mbio. Sisi wa pwani tumezoea kinywaji kisichoingojea kesho: tembo la mnazi lililogemwa alfajiri ni tamu, adhuhuri limekwisha kuchacha, na siku ya pili ni siki, tena siki nzuri ya kupikia. Bia ya kawaida huishi zaidi ya hapo, lakini si sana. Adui yake ni ile hewa ya oksijeni, ambayo kidogo yake hufungiwa ndani ya chupa siku ile ile ya kuijaza, na kidogo hupenya kizibo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hakuna kizibo kizuiacho hewa kabisa. Nayo ikishaingia huila ladha, ikaleta harufu ya karatasi nene ya sanduku iliyoloa maji, na baada ya miezi kadhaa bia hiyo haina tena la kumpa mtu. Hewa hiyo hiyo ndiyo iingiayo katika mvinyo wa shayiri, wala haina huruma zaidi. Tofauti ni kwamba humu imekuta mali ya kuharibu: imekuta sukari zilizobaki, imekuta rangi na ladha za kimea kilichopikwa sana, imekuta alkoholi nyingi, na katika kuviharibu vitu hivyo imezaa vingine ambavyo havikuwamo. Miongoni mwa hivyo ni kitu ambacho wataalamu wa kemia wamekiita sotoloni, na hicho hicho ndicho kiupacho uwatu harufu yake, ile ambayo kila aliyekulia katika nyumba ya pwani aijua kabla hajajua kusoma. Hupatikana pia katika mvinyo uliozeeka wa kisiwa cha Madeira. Uchungu wa hopsi nao hupungua kadiri miaka ipitavyo, ukali wa alkoholi huzama, na hamira iliyokufa huyeyuka polepole chini ya chupa, ikatoa ladha inayokaribia mchuzi wa nyama. Kwa hiyo uzee wa bia hii ni uharibifu kwa maana halisi ya neno, ila umekuwa uharibifu mrefu, wa taratibu, uliopata cha kutosha cha kula. Na mimi naamini kwamba asiyelikubali jambo hilo, akadhani kwamba miaka ni fadhila tupu, hataonja vema, maana atatafuta ubora mahali pasipo kitu ila umri.

Nusu saa ilipotimia mzee aliifungua chupa, na mlio wake ulikuwa hafifu mno, kama wa mtu avutaye pumzi. Alimimina kwa mkono mmoja bila kusita, ili mashapo yasitibuke, akatujazia bilauri tatu ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kila moja thuluthi yake tu, akaacha kiasi cha kidole kimoja chini ya chupa. Haikuwa imewekwa katika barafu. Ilitoka chini ya ngazi, mahali pa giza penye baridi ya nyuzi 12 au 13, na hivyo ndivyo itakiwavyo, kwani baridi kali huziba pua ya mnywaji na pua ya kinywaji pia.

Povu halikuwapo, ila ukingo mwembamba uliotoweka tulipokuwa tunaangalia. Rangi, nilipoiinua mbele ya taa, ilikuwa ya haluwa iliyopikwa hata ikawa nyeusi, na pembeni, pale ambapo kinywaji hukutana na kioo, palikuwa na wekundu wa kahawia. Niliinusa kabla ya kuionja, mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa muda. Nilipata tende, zile laini zilizokaa sana katika kikanda chake; nikapata zabibu kavu, na sukari guru inapoanza kushika chini ya sufuria; na nyuma ya yote, mbali kidogo, kama sauti ya mtu aliye chumba cha ndani, nikapata uwatu. Sikuwa nimeambiwa lolote juu yake wakati huo. Nilimwambia mzee, naye hakulijua neno, hata nilipomweleza mbegu zake za manjano na jinsi zitumikavyo katika mchuzi, mkewe akainuka, akaenda kabatini, akarudi na kichupa cha viungo vya kupikia, akakifungua, akanusa kimoja na kunusa kingine, kisha akamtazama mumewe bila kusema neno.

Funda la kwanza lilikuwa tamu, si kwa utamu wa asali bali wa tunda lililokauka juani, likafuatwa na harara iliyoshuka kooni pole, haikuchoma; kisha, wakati nilipodhani mambo yamekwisha, ukaja uchungu mdogo, mkavu, kama wa ganda la chungwa, ukakaa juu ya ulimi muda mrefu kuliko ambavyo bia yoyote imepata kukaa juu ya ulimi wangu. Ilikuwa nzito bila kunata. Chumvi ya mbali ilikuwamo, athari ya ile hamira iliyoyeyuka. Niliiacha bilauri mezani kwa robo saa tukizungumza mambo mengine, na nilipoirudia ile harufu ya tende ilikuwa imepungua na ngozi ya viatu vipya imechukua nafasi yake, jambo ambalo nilimwandikia rafiki yangu usiku ule ule kabla sijalisahau.

Ili nipate kulinganisha, mzee alikuwa ameweka chupa ya pili, changa, ya mwaka 2015: Harvest Ale ya kiwanda cha J.W. Lees, karibu na Manchester, ambacho tangu mwaka 1986 kilikuwa kikipika bia ya namna hii kila mwaka mara moja, kwa shayiri na hopsi za mavuno mapya, yenye alkoholi asilimia 11.5. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa na furaha yote ya ujana: rangi ya asali mbivu, harufu ya mkate uliotoka tanurini, utamu uliojaa kinywa. Lakini utamu wake ulikuwa peke yake na ukali wa alkoholi ulikuwa peke yake, kama watu wawili wakaao nyumba moja bila kusemezana. Katika ile ya 1987 sikuweza kusema hapa ndipo utamu ukomeapo na hapa ndipo ukali uanziapo, nami nadhani hiyo ndiyo hasa kazi ambayo miaka huifanya, nayo siijui njia nyingine ya kuifanya.

Haimaanishi kwamba kila chupa ihifadhiwayo hufika salama. Miaka michache kabla ya hapo nilipata kupewa hidaya ya chupa ya umri kama huo, ya kiwanda kingine ambacho sina haja ya kukitaja kwa kuwa kosa halikuwa lake. Iliwekwa juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko, miaka kwa miaka, ikapata joto la kila mlo uliopikwa nyumbani mle. Niliifungua mbele ya wageni. Ilinuka gundi na karatasi, na ladha yake ilikuwa ya uchachu uliokosa utamu wa kuufunika. Mwenye kuipika alikuwa amefanya lake. Aliyeiharibu ni mtunzaji, na mtunzaji huyo, kwa nia njema kabisa, alidhani kwamba kutunza ni kutoitupa. Bia hii ina wapishi wawili, na wa pili hapewi mshahara wala jina lake haliandikwi kwenye karatasi.

Waingereza waliijua siri ya kuitunza bia tangu kale. Katika majumba makubwa ya mabwana wa mashamba, ambayo mengi yalikuwa na mahali pake pa kupikia bia, ilikuwa desturi azaliwapo mrithi kupikwa bia yenye nguvu sana, ikafungiwa pipani, isiguswe hata kijana huyo atimize umri wa miaka 21, na siku hiyo pipa hufunguliwa kwa ajili ya watu wote wa shamba. Baadaye viwanda vikubwa vilichukua sanaa hiyo, na mashuhuri kuliko vyote vilikuwa vya Burton-on-Trent, mji ambao maji ya visima vyake yana jasi nyingi iifaayo bia chungu. Huko kiwanda cha Bass kilipika bia yake iliyoitwa No. 1, ambayo ndiyo iliyolieneza jina la mvinyo wa shayiri kwa watu wa kawaida. Mwaka 1902 mfalme Edward VII alizuru kiwanda hicho, akauanzisha upishi wa siku ile kwa mkono wake, na chupa za bia hiyo ya mfalme zingaliko hata leo katika ghala za wenye kuzithamini. Ajabu kubwa zaidi ilitokea mwaka 2006, zilipovumbuliwa mjini humo chupa za bia iliyopikwa mwaka 1869 kwa kusherehekea mtoto aliyezaliwa katika ukoo wa Ratcliff, washirika wa Bass. Zilikuwa zimefungwa kwa vizibo vya gome na nta, na walioonja walikuta bado inanyweka, tena kwa furaha, baada ya miaka 137. Mtoto yule alikwisha kuishi umri wake wote, na karamu yake ilikuwa ingali chupani.

Ile ya mezani petu haikuwa ya mfalme, ilikuwa ya mwandishi. Thomas Hardy alizaliwa karibu na Dorchester mwaka 1840, akaufanya mji huo kuwa mji wa hadithi zake chini ya jina la Casterbridge, na katika kitabu chake cha The Trumpet-Major, kilichotoka mwaka 1880, akaisifu bia kali ya hapo kwa maneno ambayo wenyeji hawajayasahau. Alipofariki mwaka 1928 majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, London, lakini moyo wake ukazikwa Stinsford, kijiji kilicho mwendo mfupi nje ya mji, mahali ambapo tulikwenda kwa miguu asubuhi ya siku ile. Miaka 40 baada ya kifo chake, yaani mwaka 1968, kiwanda cha mji huo kilichoitwa Eldridge Pope kilipika bia ya kumkumbuka, kikajaribu kuifanya ile ile aliyoisifu, kikaipa jina lake, kikaichapa kila chupa mwaka wake, na kikawaahidi wanunuzi kwamba itaweza kukaa miaka 25. Ahadi ya namna hiyo kiwanda huitoa kikijua kwamba wengi wa walioipika hawatakuwapo kuulizwa. Nacho hakikuwapo: upishi wa bia hiyo Dorchester ulikoma mwaka 1999, ukachukuliwa mwaka 2003 na kiwanda kidogo cha Devon kiitwacho O'Hanlon's kwa miaka michache, kisha jina likanunuliwa na Waitalia. Ndiyo maana mzee alipokuwa anamimina hakuwa anamimina bia tu, kwa kuwa shayiri ile ilipikwa na watu aliowajua kwa majina, katika majengo ambayo sasa yana maduka na nyumba za kupangisha.

Wamarekani nao wameipokea sanaa hii, wakaitia mkono wao: Fritz Maytag wa kiwanda cha Anchor, San Francisco, aliipika mwaka 1975 kwa jina la Old Foghorn, na kiwanda cha Sierra Nevada kikafuata mwaka 1983 na Bigfoot, yenye hopsi nyingi na uchungu ambao ungemfanya Mwingereza wa zamani akunje uso. Mimi napenda zaidi ile ya Kiingereza, lakini nakiri kwamba Bigfoot iliyokaa miaka kumi ni kitu kingine kabisa.

Tulipoagana, mzee alinipa chupa nyingine ya mwaka 1987. Alikuwa amebakiwa na nne. Niliishika, nikaifikiria safari yake: ndege, bandari ya joto, kisha nyumba yangu ya Mombasa, ambako mchana hewa hupita nyuzi 30 na hakuna chini ya ngazi penye baridi. Joto huyaharakisha yale yote ambayo hewa huyafanya chupani. Mwaka mmoja wa kwetu ungeila bia ile kuliko miaka kadhaa ya Dorchester. Nilimrudishia, nikamweleza sababu. Hakuudhika. Alichukua uzi wa kufungia vifurushi, akakata kipande cha karatasi, akaniomba niandike jina langu kwa mkono wangu mwenyewe, akaifunga shingoni mwa chupa, akainama taratibu kwa magoti yake mabovu, na kuirudisha gizani pale pale ilipotoka, wima, nyuma ya zile tatu.